Kugawa Mkondo wa Maandishi Kuwa Mistari kwenye Seva

Malengo ya mada

Ukimaliza kusoma mada hii, uweze:
(a) kueleza kwa nini data haifiki kwenye seva mstari kwa mstari;
(b) kutaja alama zinazomaliza mstari pamoja na namba zake;
(c) kuandika hatua za kugawa mkondo bila kupoteza hata baiti moja;
(d) kufuatilia hatua hizo kwa kutumia jedwali;
(e) kueleza la kufanya mkondo unapokatika kabla ya kwisha.

1. Utangulizi

Tuseme shule inapokea taarifa za malipo ya ada kutoka benki kwa njia ya kompyuta. Kila malipo ni mstari mmoja wenye namba ya mwanafunzi, jina lake na kiasi kilicholipwa. Vitu hivyo vitatu vinatenganishwa kwa alama ya mkato. Malipo ya leo ni haya:

S0412,Asha,85000
S0413,Petro,120000
S0414,Neema,60000

Jioni mhasibu anafungua orodha na kukuta kuwa Asha amelipa shilingi 850. Petro yuko sawa. Neema hayumo kabisa, na shilingi 60,000 zimeandikwa kwa mwanafunzi namba 14, ambaye shule haina. Kompyuta haikutoa onyo lolote kuhusu Asha. Kesho yake Asha anasimamishwa mstarini na kuambiwa arudi nyumbani kufuata ada ambayo mzazi wake amekwisha kulipa.

Benki ilituma taarifa sahihi, na mtandao ulizifikisha zote. Kosa limo katika sehemu ndogo ya programu ya seva, ile inayopokea maandishi na kuyagawa kuwa mistari. Mada hii inaeleza kosa hilo linatokeaje na jinsi ya kuliepuka.

2. Istilahi muhimu

Seva: kompyuta, au programu ndani ya kompyuta, inayopokea maombi na data kutoka kwa kompyuta nyingine na kuzihudumia.

Baiti: kipimo cha data chenye biti 8. Thamani yake ni kuanzia 0 hadi 255.

Mkondo: mfuatano wa baiti unaopokelewa kidogo kidogo, kwa mpangilio ule ule uliotumwa. Mpokeaji hajui mapema utaishia wapi.

Kipande: sehemu ya mkondo ambayo programu inapewa kwa mara moja.

Alama ya mwisho wa mstari: baiti moja au mbili ambazo mtumaji anaziweka ili kuonyesha kuwa mstari umekwisha.

Baki: baiti zilizokwisha kufika lakini mstari wake haujakamilika.

Itifaki: makubaliano ya jinsi kompyuta mbili zinavyowasiliana.

3. Kwa nini data hufika vipandevipande

Kumbuka somo la imla. Mwalimu anasoma, wewe unaandika. Katikati ya sentensi mwalimu anavuta pumzi. Je, utaweka nukta hapo? Huweki. Unasubiri mpaka mwalimu atamke "nukta". Pumzi inategemea mapafu ya mwalimu; nukta inategemea maana ya sentensi.

Mtandao nao huvuta pumzi. Itifaki ya TCP, ambayo hubeba sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti, inaahidi mambo mawili kuhusu mkondo: baiti zitapokelewa kwa mpangilio ule ule, na hakuna itakayokosekana katikati. Haiahidi kwamba maandishi yaliyotumwa kwa mara moja yatapokelewa kwa mara moja. Mtumaji akituma mistari mitatu, mpokeaji anaweza kuipata kwa kipande kimoja, vitatu au kumi, na mahali pa kukatia panaweza kuwa katikati ya neno au namba.

Sababu za kukatwa ni hizi:

(i) Ukubwa wa pakiti. Katika mtandao wa Ethernet wa kawaida, pakiti moja hubeba baiti zisizozidi 1,500, na sehemu ya baiti hizo ni za anwani na maelekezo. Maandishi marefu kuliko hapo lazima yagawanywe.

(ii) Ukubwa wa sehemu ya kupokelea. Programu husoma kiasi fulani kwa mara moja. Kwa mfano, Node.js inaposoma faili kama mkondo, bila kuelekezwa vinginevyo, husoma hadi baiti 65,536 kila mara. Baiti ya 65,537 itaingia katika kipande kinachofuata hata kama ni tarakimu ya mwisho ya namba.

(iii) Muda. Mtandao ukichelewa, programu hupewa kile kilichokwisha kufika, na kilichosalia huja baadaye.

Zingatia: Unapojaribu programu darasani kwa mistari mitatu mifupi, mara nyingi data yote hufika kwa kipande kimoja. Programu yenye kosa itaonekana nzima. Kosa hujitokeza data inapokuwa nyingi au mtandao unapokuwa wa polepole, yaani siku ya kazi yenyewe. Ndiyo maana hatuwezi kusema "nimeijaribu, inafanya kazi" kabla ya kuijaribu kwa vipande vilivyokatwa vibaya makusudi.

4. Alama zinazomaliza mstari

Katika mfumo wa ASCII, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1963, kila herufi na kila alama ina namba. Alama mbili zinahusika na mstari:

- Namba 10: mstari mpya. Husogeza karatasi juu kwa mstari mmoja.
- Namba 13: rudi mwanzo. Hurudisha kichwa cha kuchapia upande wa kushoto.

Asili yake ni mashine za teleprinta. Mashine ya Teletype Model 33 ilichapa herufi 10 kwa sekunde. Kichwa chake kilipotoka kulia kurudi kushoto kilihitaji muda, hivyo alama ya 13 ilitumwa kwanza, kisha 10 ikafuata wakati kichwa kikiwa njiani. Karatasi na kichwa vimeachwa katika kompyuta nyingi, lakini namba zimebaki.

Mifumo haikukubaliana juu ya namba hizo:

Mfumo au itifaki | Alama ya mwisho wa mstari
Unix, Linux na Mac ya sasa | [10]
Windows | [13][10]
Mac za zamani, kabla ya Mac OS X | [13]
Itifaki za HTTP na SMTP | [13][10]

Katika mada hii tutaandika [10] na [13] kumaanisha baiti yenye thamani hiyo. Baiti hizo hazionekani kwenye skrini, lakini zimo ndani ya data na zinahesabiwa.

Tofauti hii imewahi kuleta hatari. Mwaka 2023 watafiti wa usalama walionyesha kuwa baadhi ya seva za barua pepe hazikuelewana: seva moja ilisubiri [13][10], nyingine ilikubali [10] peke yake. Mtu mwenye nia mbaya aliweza kutuma barua moja ambayo seva ya kwanza iliiona ni moja, na seva ya pili ikaiona ni mbili, ya pili ikiwa na jina la mtumaji wa uongo. Alama ya mwisho wa mstari ni sehemu ya makubaliano, na pande zote mbili lazima ziyafuate kwa namna moja.

5. Njia mbili zisizo sahihi

Turudi kwenye ada. Baiti zilizotumwa na benki ni hizi:

S0412,Asha,85000[10]S0413,Petro,120000[10]S0414,Neema,60000[10]

Jumla ni baiti 54. Tuseme zimefika kwenye seva kwa vipande vitatu:

Kipande cha 1: S0412,Asha,850
Kipande cha 2: 00[10]S0413,Petro,120000[10]S04
Kipande cha 3: 14,Neema,60000[10]

Hesabu: 14 + 25 + 15 = 54. Hakuna baiti iliyopotea njiani.

Njia ya kwanza isiyo sahihi ni kukichukulia kila kipande kuwa mstari. Kipande cha 1 kinaonekana ni malipo kamili yenye sehemu tatu, hivyo Asha anaandikiwa shilingi 850. Kipande cha 2 kinakuwa mchanganyiko usioeleweka.

Njia ya pili isiyo sahihi ni kukigawa kila kipande peke yake penye [10]. Njia hii hudanganya zaidi kwa sababu inaonekana kuwa ya kitaalamu. Angalia matokeo yake:

Kipande cha 1 kinatoa: S0412,Asha,850
Kipande cha 2 kinatoa: 00, kisha S0413,Petro,120000, kisha S04
Kipande cha 3 kinatoa: 14,Neema,60000

Programu inakubali 850 ya Asha. Inatupa "00" na "S04" kwa kuwa hazina mikato miwili. Inamwandikia mwanafunzi namba 14 fedha za Neema. Haya ndiyo yaliyomkuta mhasibu katika utangulizi.

Njia zote mbili zina kasoro moja: zimeweka nukta mahali pa pumzi.

6. Njia sahihi: kutunza baki

Kanuni ni fupi. Kila kipande kinapofika, kiunganishe na baki ya kipande kilichotangulia. Toa mistari yote iliyokamilika. Kilichosalia bila alama ya mwisho kitunze mpaka kipande kijacho kifike.

Hatua za programu:

1. WEKA BAKI = tupu
2. KILA KIPANDE KINAPOFIKA:
3.   BAKI = BAKI + KIPANDE
4.   WAKATI BAKI ina [10], RUDIA:
5.     NAFASI = mahali ilipo [10] ya kwanza
6.     MSTARI = baiti zote kabla ya NAFASI
7.     BAKI = baiti zote baada ya NAFASI
8.     KAMA MSTARI unaishia na [13], ondoa hiyo [13]
9.     SHUGHULIKIA MSTARI
10.  KAMA urefu wa BAKI umezidi KIKOMO, funga muunganisho
11. MKONDO UKIISHA:
12.  KAMA BAKI si tupu, toa uamuzi (soma sehemu ya 7, kipengele cha pili)

Angalia hatua ya 4. Tumetumia WAKATI, hatukutumia KAMA, kwa sababu kipande kimoja kinaweza kukamilisha mistari miwili, mitano au mia. Ukiandika KAMA, utatoa mstari mmoja tu na iliyosalia itacheleweshwa ndani ya BAKI.

Sasa tufuatilie hatua hizo kwa vipande vyetu vitatu.

Kipande cha 1
BAKI baada ya hatua ya 3: S0412,Asha,850
Mistari iliyotoka: hakuna
BAKI inayotunzwa: S0412,Asha,850

Kipande cha 2
BAKI baada ya hatua ya 3: S0412,Asha,85000[10]S0413,Petro,120000[10]S04
Mistari iliyotoka: S0412,Asha,85000 na S0413,Petro,120000
BAKI inayotunzwa: S04

Kipande cha 3
BAKI baada ya hatua ya 3: S0414,Neema,60000[10]
Mistari iliyotoka: S0414,Neema,60000
BAKI inayotunzwa: tupu

Asha amepata shilingi zake 85,000 na Neema amerudishiwa namba yake. Hakiki kwa kuhesabu: mistari mitatu ina baiti 16, 18 na 17, yaani 51. Ongeza alama tatu za [10], unapata 54. Katika mtihani, hesabu hii itakuonyesha upesi kama umedondosha herufi ulipokuwa ukijaza jedwali.

7. Mambo matano ya kuangalia

Hatua za hapo juu zinatosha kwa mfano wetu. Seva halisi hukutana na hali nyingine, na maswali ya kufikiri hutungwa kutokana na hali hizo.

Kwanza: alama ya [13][10] iliyokatwa katikati. Kipande kinaweza kuishia na [13], na kipande kinachofuata kikaanza na [10]. Programu inayokata mstari penye [13] na pia penye [10] itatoa mstari mmoja wa ziada usio na kitu. Hatua zetu hazina tatizo hilo, kwani tunatafuta [10] tu. [13] husubiri ndani ya BAKI hadi [10] ifike, kisha huondolewa katika hatua ya 8. Hata hivyo, kama itifaki inadai [13][10], mstari uliokuja na [10] peke yake ukataliwe. Kuulegezea ndiko kulikoleta tatizo la barua pepe lililotajwa katika sehemu ya 4.

Usitupe mstari mtupu bila kufikiri. Katika HTTP, mstari mtupu una kazi: unaonyesha kuwa maelezo ya mwanzo yamekwisha na mwili wa ujumbe unaanza. Mwili wenyewe mara nyingi haugawanywi kwa mistari. Urefu wake hutajwa kwa idadi ya baiti katika maelezo hayo ya mwanzo.

Pili: mkondo umekwisha na BAKI si tupu. Hapa hakuna jibu moja. Inategemea mkondo umetoka wapi. Ukisoma faili iliyoandikwa na mtu, huenda mwandishi alisahau tu kubonyeza kitufe cha mstari mpya mwishoni, na mstari huo wa mwisho unaweza kupokelewa. Lakini kama ni malipo yanayokuja kwa mtandao, mkondo ulioisha bila alama ni dalili kwamba muunganisho umekatika. BAKI ikiwa "S0412,Asha,850", huwezi kujua kama ni 850, 8,500 au 85,000. Mstari huo usipokelewe. Andika katika kumbukumbu za seva kuwa kuna mstari ambao haukukamilika, kisha omba utumwe tena.

Tatu: herufi iliyokatwa. Katika usimbaji wa UTF-8, herufi za kawaida za Kiswahili huchukua baiti moja kila moja. Lakini simu nyingi huandika neno ng’ombe kwa alama ya ritifaa iliyopinda, nayo huchukua baiti tatu: 226, 128 na 153. Kwa hiyo neno ng’ombe lina baiti 9, ingawa macho yanaona alama 7. Kipande kikiishia baada ya baiti 226, na programu ikaharakisha kukibadili kuwa herufi, itaweka alama ya kuulizia mahali pa ritifaa na neno litaharibika. Herufi za Kiarabu, ambazo ziliandikia Kiswahili kwa karne nyingi, huchukua baiti mbili kila moja na hukabiliwa na hatari hiyo hiyo.

Dawa ni mpangilio wa kazi: unganisha baiti, gawa penye [10], kisha ndipo ubadili mstari mzima kuwa herufi. Katika UTF-8 jambo hili ni salama kwa sababu kila baiti iliyo ndani ya herufi ya baiti nyingi ina thamani ya 128 au zaidi. Baiti ya 10 haiwezi kujificha humo. Usimbaji mwingine hautoi dhamana hiyo. Katika UTF-16, herufi Ċ ya Kimalta huandikwa kwa baiti 1 na 10, na kuikata hapo ni kuivunja.

Nne: mstari usio na mwisho. Mtu akituma baiti bila kuweka [10] kamwe, BAKI itakua mpaka kumbukumbu ya seva ijae na huduma isimame kwa wote. Inaweza kuwa ni kosa la programu ya mtumaji au shambulio la makusudi. Ndiyo maana tuna hatua ya 10. Itifaki nyingi huweka kikomo: katika SMTP, mstari wa maandishi usizidi baiti 1,000, zikiwemo [13] na [10] za mwisho.

Tano: wateja wengi kwa wakati mmoja. Seva haiongei na mtu mmoja. Shule kumi zikiunganishwa kwa pamoja, vipande vyao hufika vikiwa vimepishana. Kila muunganisho lazima uwe na BAKI yake. BAKI ikiwa moja kwa wote, mwanzo wa mstari wa shule moja utaungana na mwisho wa mstari wa shule nyingine, na matokeo yanaweza kuonekana kama malipo halali. Kosa hili ni gumu kulifuatilia kwa sababu hutokea pale tu wateja wawili wanapotuma kwa wakati mmoja.

8. Zana zilizo tayari

Lugha nyingi za programu zina zana ya kusoma mstari. Java ina readLine ndani ya BufferedReader, Python ina readline, na Node.js ina moduli ya readline. Zote hutunza baki kwa ndani kama tulivyofanya. Hata hivyo, lazima ujue tabia zake. readLine ya Java huondoa alama ya mwisho kabla ya kukupa mstari, hivyo kwa mstari wa mwisho huwezi kujua kama alama ilikuwepo. readline ya Python huiacha alama mahali pake, hivyo unaweza kukagua. Tena, usipoweka kikomo, zote mbili zitaendelea kusoma mstari mrefu mpaka uishe, hata ukijaza kumbukumbu. Anayezielewa hatua za sehemu ya 6 ataweza kuchagua zana na kuisimamia.

9. Makosa ya kuepuka katika kujibu

(a) Kusema kuwa TCP hupoteza data ndiyo maana mstari hukatika. Si kweli. Data yote ipo, imegawanywa tu.
(b) Kusahau hatua ya kuunganisha BAKI na kipande kipya.
(c) Kuandika KAMA mahali pa WAKATI katika hatua ya 4.
(d) Kutojibu juu ya BAKI mkondo unapoisha. Swali likikutaka uandike hatua zote, hatua ya mwisho ni sehemu ya jibu.
(e) Kuchanganya namba: 10 ni mstari mpya, 13 ni rudi mwanzo.

10. Maswali ya kujipima

1. Toa maana ya (a) mkondo (b) kipande (c) alama ya mwisho wa mstari. (Alama 3)

2. Eleza sababu mbili zinazofanya mstari mmoja ufike kwenye seva kwa vipande viwili. (Alama 4)

3. Seva ya hali ya hewa imepokea vipande vinne vifuatavyo kwa mpangilio huu:
MOSHI 2
4[13]
[10]TANGA 31[13][10]DO
DOMA 29[13][10]
Kwa kutumia hatua za sehemu ya 6, onyesha mistari iliyotoka na BAKI baada ya kila kipande. (Alama 8)

4. Neno ng’ombe lina ritifaa iliyopinda yenye baiti tatu. Kipande cha kwanza kina baiti tatu za mwanzo za neno hilo. (a) Ni baiti zipi hizo? (b) Programu ifanye nini ili neno lisiharibike? (Alama 4)

5. Muunganisho wa benki umekatika wakati BAKI ni S0420,Juma,9. Mwanafunzi mmoja anasema Juma aandikiwe shilingi 9. Je, unakubaliana naye? Toa sababu. (Alama 3)

6. Seva inahudumia shule 40 kwa kutumia BAKI moja. Taja tatizo na utatuzi wake. (Alama 3)

11. Majibu

1. (a) Mfuatano wa baiti unaopokelewa kidogo kidogo kwa mpangilio uliotumwa. (b) Sehemu ya mkondo ambayo programu hupewa kwa mara moja. (c) Baiti moja au mbili zinazoonyesha kuwa mstari umekwisha.

2. Zozote mbili: pakiti ina ukubwa wenye kikomo, hivyo maandishi marefu hugawanywa, programu husoma kiasi maalumu kwa mara moja, na mpaka wa kiasi hicho unaweza kuangukia katikati ya mstari, mtandao huchelewesha sehemu ya data. Kila sababu yenye maelezo ina alama 2.

3. Kipande cha 1: hakuna mstari, BAKI ni MOSHI 2. Kipande cha 2: hakuna mstari, BAKI ni MOSHI 24[13]. Kipande cha 3: mistari ni MOSHI 24 na TANGA 31, BAKI ni DO. Kipande cha 4: mstari ni DODOMA 29, BAKI ni tupu. Aliyeandika MOSHI 2 kuwa mstari amepoteza tarakimu, na jibu lake linadai kuwa Moshi kuna nyuzi joto 2.

4. (a) Baiti ya n, baiti ya g, na baiti ya kwanza ya ritifaa, yaani 226. (b) Itunze baiti hizo ndani ya BAKI, iziunganishe na kipande kinachofuata, igawe penye [10], kisha ibadili mstari mzima kuwa herufi.

5. Hapana. Mstari haukufika na alama ya mwisho, hivyo 9 inaweza kuwa mwanzo wa namba kubwa zaidi, kwa mfano 90000. Seva isiupokee mstari huo. Iandike tukio hilo na kuomba utumwe upya.

6. Tatizo: baki ya shule moja huungana na kipande cha shule nyingine na kuzaa mistari ya uongo. Utatuzi: kila muunganisho uwe na BAKI yake, inayoanzishwa muunganisho unapofunguliwa na kufutwa unapofungwa.

12. Muhtasari

Mipaka ya vipande hutokana na mtandao na kompyuta; mipaka ya mistari hutokana na alama alizoweka mtumaji. Unganisha, gawa, tunza baki, weka kikomo, na mwishoni amua kwa uangalifu juu ya kilichosalia. Ukiingia katika chumba cha mtihani na kusahau mengine yote, kumbuka imla: pumzi si nukta, na kipande si mstari.